Sabuni ya Jumapili

Aikande mama,

Umeondoka hapa saa nane kwenda Sokon One kumuaga shangazi yako, na tangu ulipofunga mlango nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo sikuitegemea. Nimewasha redio, nikaizima. Nimefagia jikoni ambako wewe ulikwisha kufagia. Kisha nikajiambia kwamba haya ni mazoezi. Kesho asubuhi ukipanda basi la Nairobi kuwahi ndege, nyumba itakuwa hivi hivi, basi afadhali nianze kuzoea kungali mchana. Nikazoea kwa muda wa kuchemsha chai tu. Chai ilipochemka nikachukua kalamu.

Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako ndani ya sanduku, uione kabla hujavua viatu. Sitaandika habari za pasi, wala chanjo, wala jinsi ya kukaa na watu wa bwenini huko India. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na namjua dada yangu, atayarudia mpaka getini. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu Jumapili iliyopita, uliponiuliza lile swali huku unamenya papai.

Ulisema, "Baba, mimi nikienda, sabuni utakula na nani?"

Nikasema, "Nina watu wengi."

Ukanitazama kidogo, ukarudi kwenye papai lako. Jioni ile ile nikakusikia barazani unamwambia shangazi yako kwamba labda utawaandikia chuoni uombe kuahirisha mwaka mmoja, mpaka baba azoee. Tangu siku hiyo nguo zako zimo sandukuni lakini sanduku hujalifunga. Shangazi yako alipokuuliza sababu ulisema ni kwa kuwa lile sanduku la mitumba halifungi mpaka mtu mwingine alikalie. Hiyo ni kweli, lakini mtu wa kulikalia yupo, na wewe hujamwita. Ulisema utaamua Jumapili jioni, na Jumapili yenyewe ndiyo hii.

Sasa nikuambie ukweli. Niliposikia maneno yale barazani, nilifurahi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na kikombe mkononi, nikafurahi mpaka nikaona aibu mwenyewe. Wiki nzima nimekaa kimya, na wewe ukadhani baba anakuachia nafasi ya kufikiri. Kumbe nilikuwa nasubiri uahirishe.

Ndiyo maana nataka nikusimulie nusu ya pili ya hadithi ya sabuni. Nusu ya kwanza unaijua, maana mama yako aliisimulia kila tulipopata mgeni, na kila mara mimi nilitoka mjinga zaidi. Hii ya pili sikuwahi kuisimulia kwa sababu mimi mwenyewe nimeielewa leo mchana.

Unajua kwamba kabla ya kuwa na hiki kiduka changu cha hapa Sakina nilikuwa mtunza stoo mjini, kwenye duka la nafaka na viungo la Mzee Jivan. Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka tu kwamba mashati yangu yalinuka bizari hata yakitoka kufuliwa. Ilikuwa ile miaka ya shida, kabla ya enzi za ruksa ya kuingiza bidhaa. Rafu za duka zilikuwa na majani ya chai, viberiti, na nafasi tupu ndefu ambazo Mzee Jivan alizipangusa vumbi kila asubuhi kama vile zina bidhaa. Viungo vilipatikana kwa kuvuka mpaka wa Namanga kimya kimya, vikiwa vimefichwa kwenye soksi za watu. Mke wake na watoto walikwisha kwenda Kanada. Yeye alibaki juu ya duka, kwenye vyumba ambavyo zamani walikaa watu wengi, akisema anamalizia mambo madogo madogo halafu awafuate. Mambo hayo hayakuisha miaka yote niliyofanya kazi pale.

Alikuwa mtu mgumu, usije ukadhani namsifu. Alinigombeza kwa gunia lililofungwa kamba vibaya. Alinigombeza kwa kupiga mluzi. Lakini mkono wake ulikuwa mizani. Mteja akitaka robo ya bizari, Mzee Jivan alichota kwa kiganja, akamimina kwenye karatasi, na mteja mbishi akidai ipimwe inakuwa robo kamili. Wateja walikuja na wageni wao kuwaonyesha. Sikumwona akikosea hata siku moja.

Jumamosi tukishafunga duka, nikiwa natafuta funguo za baiskeli yangu, alinipigia kelele kutoka kwenye ngazi: "Elia! Wewe njoo juu. Mimi nimekata mengi kwa bahati mbaya."

Napanda. Mezani kuna bakuli kubwa la bati lenye maua, limejaa matunda yaliyokatwa vipande vidogo: papai, pera, chungwa, ndizi, tango, hata kiazi cha kuchemsha. Alinikalisha, akachukua unga fulani wa kijivu kwenye kopo, akaunyunyiza kutoka juu, mkono umeinuka kabisa, halafu akakamua ndimu. Siku ya kwanza nilidhani kitu kimeoza. Harufu ilikuwa ya yai bovu, na mimi nilikuwa nimelelewa Machame, ambako tunda ni la mtoto na la mgonjwa, na mwanamume mwenye ndevu akionekana anakula pera watu wanamuuliza anaumwa nini. Nikatia mdomoni kwa heshima ya mwajiri. Kukawa na chumvi, na pilipili, na ukali wa ndimu, na chini ya hayo yote utamu wa papai, ambao ulikuwa mtamu kuliko papai lenyewe likiliwa bila kitu. Nilimaliza sahani nzima.

"Nzuri?" akauliza.

"Nzuri sana, mzee."

"Wewe kula, acha maneno."

Pale mezani hakunigombeza. Alinieleza kwamba bizari nyembamba inakaangwa kavu, bila mafuta, na inaondolewa motoni inapoanza kunukia, maana ikitoa moshi umechelewa. Ndizi inakatwa mwisho kwa sababu inabadilika rangi. Chumvi inawekwa mezani, watu wakiwa wameshakaa, kwa sababu ukitia mapema matunda yanatoa maji na unakuta supu. Aliniambia chakula chenyewe kinaitwa chati. Mimi chati niliyoijua ni ile karatasi ya hospitali ya kuandikia homa, basi nikakaa na fikra kwamba ni chakula cha wagonjwa, na kwa kuwa kina matunda, sikuona ajabu.

Nusu ya mama yako inaanzia hapo. Nilitaka kumwonjesha. Nikamuuliza Mzee Jivan ule unga una nini, akasema, "Hii chumvi ya mawe. Nyeusi-nyeusi. Inanuka kidogo." Nikaenda sokoni, nikamwambia mama mmoja wa Kiarusha aliyetandaza vitu vyake chini kwamba natafuta chumvi ya mawe, nyeusi-nyeusi, inayonuka kidogo. Akaniangalia, akaokota bonge la kijivu. "Ni hii, baba. Hata ng'ombe wanaipenda."

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimshukuru.

Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, hujaanza shule. Nilikata matunda, nikatwanga lile bonge, nikaita watu mezani kwa mbwembwe, nikainua mkono juu kabisa kama Mzee Jivan, nikanyunyiza. Halafu nikakamua ndimu. Bakuli likatoa povu. Lilipanda mpaka kwenye ukingo huku linachuruza, na wewe ukapiga makofi. Mama yako alichovya kijiko, akaonja. Alikuwa akipika maharage kwa magadi tangu utotoni, hakuhitaji kuonja mara ya pili.

"Baba Aikande," akasema, "umetengeneza sabuni."

Tangu siku hiyo jina likawa hilo. Hata Mzee Jivan aliponipa chumvi nyeusi ya kweli, kipande kidogo kwenye karatasi, na mama yako akaipenda mpaka akaanza kuongeza parachichi za Meru, jambo ambalo nilipomwambia Mzee Jivan alishika kichwa kwa mikono miwili, hata hapo sisi tuliita sabuni. Ikahama kutoka Jumamosi ya duka ikawa Jumapili ya kwetu, baada ya ibada. Unakumbuka mwalimu wako wa shule ya Jumapili alivyokuja nyumbani na uso wa msiba.

"Shikamoo, baba Aikande."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Samahani, nimekuja kwa jambo la mtoto. Anawaambia wenzake kwamba ninyi Jumapili mnakula sabuni."

Mama yako hakucheka hata kidogo. Alitoka jikoni akipangusa mikono. "Ni kweli, mwalimu. Leo ipo, karibu." Yule dada alikula sahani mbili, na kila Jumapili aliyotembelea mtaa wetu alipita kwetu kwanza.

Nimekueleza haya kwa raha, maana ni raha kumkumbuka mama yako akiwa mzima. Lakini nataka urudi nami juu ya duka.

Mzee Jivan aliniita kila Jumamosi. Mara nyingi nilikwenda, nikala nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti, jicho moja dirishani, kwa sababu nilikuwa na mke na mtoto wananisubiri. Mara nyingine nilimjibu nikiwa chini, mkono kwenye baiskeli, "Leo nimeshiba, mzee." Alisema, "Hapana neno, hapana neno," akarudi juu. Ngazi zile zilikuwa za mbao, nilimsikia mpaka anafika. Mimi nilidhani ni mzee mwenye roho nzuri siku za Jumamosi, anayeona hasara kutupa matunda. Nilimwambia hata mama yako kwamba mzee huyu anajua kupima kila kitu isipokuwa papai.

Kuna siku alinichukua twende Posta. Alikuwa amepangiwa simu ya Kanada na alitaka nimbebee kifurushi. Nilisimama nje ya kile kibanda cha simu, mlango haukufunga vizuri, nikasikia kila kitu. Alikuwa akipiga kelele kwa lugha yao, kisha akaingiza Kiswahili, maana watoto wake walizaliwa hapa na nadhani kuna mambo ambayo waliyasema kwa Kiswahili tu. "Ndiyo, ndiyo, mimi mzima," akasema. "Hapana sikitika. Mimi nina watu wengi hapa."

Niligeuka kutazama hao watu. Pale Posta kulikuwa na karani aliyesinzia, na mimi na kifurushi.

Nilicheka moyoni, Aikande. Nilifika nyumbani nikamsimulia mama yako, naye hakucheka. Alisema, "Kesho kutwa Jumamosi, ukae ule vizuri." Nilikaa nikala vizuri Jumamosi hiyo moja.

Baadaye ikaja ruksa. Vitu vikaanza kushuka kutoka kwenye malori mchana kweupe, dawa ya meno ya kila rangi, masala ya matunda ndani ya pakiti yenye picha, na sasa hata haya maepo, matufaha ya Afrika Kusini yaliyobandikwa karatasi ndogo, ambayo yanang'aa sana na hayana ladha yoyote. Ungedhani Mzee Jivan angefurahi, maana zile rafu alizozipangusa miaka yote hatimaye zilipata cha kuwekwa. Alizijaza kwa msimu mmoja. Kisha kijana wake akaja kutoka Kanada amevaa koti la baridi, akaona zile ngazi na baba yake anavyozipanda, akauza duka. Leo pale wanauza redio na kanda. Siku ya kuondoka mzee alinipa kopo lake la chumvi nyeusi. Nilitaka kusema jambo la maana, nikasema, "Safari njema, mzee." Akasema, "Wewe funga gunia vizuri." Hatukuonana tena. Nilisikia kwamba alifariki huko huko, ndani ya baridi.

Miaka michache baadaye tukampoteza mama yako, tukamzika kwenye kihamba, shamba letu la ukoo kule Machame, tukarudi hapa wawili. Jumapili ya kwanza baada ya msiba wewe ulishika kisu bila kuambiwa. Ulikata mengi, kama kwa watu watatu, na hatukulisema hilo. Tulikula mpaka tukamaliza. Nafikiri Jumapili ile ndiyo iliyotufanya tuendelee.

Sasa njoo leo mchana.

Ulipoondoka na chai ikachemka, niliandika ule mwanzo hapo juu, kisha nikaacha kalamu. Nikasema hebu nijaribu, ni Jumapili, nitengeneze sabuni ya mtu mmoja. Nikachukua ndizi moja. Nikachukua pera moja. Nikafika kwenye papai. Utakataje papai la mtu mmoja? Ukishalipasua limepasuka, na nusu inayobaki inakutazama. Chungwa nalo nililimenya lote. Tango nilikuwa nalo. Mkono ukaendelea wenyewe, umezoea, na nilipoinua macho bakuli lilikuwa limejaa hadi juu. Nikakaa mbele yake. Niliweka chumvi, nikakamua ndimu, nikatia kijiko kimoja mdomoni, nikalisukuma bakuli kando. Ladha haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nasikia jinsi ninavyotafuna, basi.

Nikabeba bakuli nikatoka nalo barabarani, mwenyekiti mzima wa wazee wa kanisa, na kitambaa cha jikoni begani. Pale gereji ya jirani alikuwepo fundi Mollel peke yake, chini ya basi lililoharibika tangu Ijumaa. Unamfahamu, yule wa Oldonyo Sambu, ambaye mke wake na mifugo wako huko nyuma ya mlima na yeye analala hapo hapo gereji. Nilisimama karibu na miguu yake. Ni jirani yangu kwa muda mrefu na sikuwahi kumwita popote.

Nikasema, "Fundi, toka kidogo. Nimekata mengi kwa bahati mbaya."

Aikande, nilisikia sauti yangu ikisema maneno hayo. Nikaegemea basi.

Mtu aliyejua robo ya bizari kwa kiganja. Mtu ambaye hakukosea hata siku moja. Alikosea papai kila Jumamosi, miaka yote, na mimi nikaamini. Nilikuwa nikimwonea huruma kwa kutojua kukadiria, nikimsaidia kula yasitupwe, nikihesabu kwamba ninamfanyia wema. Na kila nilipomwambia nimeshiba, yeye alipanda ngazi zile na bakuli lake akijua hasa limebaki kiasi gani.

Fundi Mollel alisema kutoka chini ya basi, "Mzee, mikono ina oili."

"Kuna kijiko."

Akatoka kwa kusitasita, akachota, akatafuna, akanitazama. "Mzee, mbona kama yai limeoza?"

"Ndivyo ilivyo."

Akachota tena. "Si mbaya," akasema. Alishukuru, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, akarudi chini ya basi lake. Vijiko viwili tu. Sitakudanganya kwamba tumekuwa marafiki au kwamba Jumapili ijayo atakuja na kiti chake. Labda ataniambia ameshiba. Nimerudi na bakuli nyumbani, na bado limejaa.

Lakini nimeweza kuita, na hilo ndilo nililotaka ulijue kabla hujaamua. Uliponiuliza nitakula na nani, nilikupa jibu la kile kibanda cha simu. Jibu la kweli ni hili: sijui. Nitakuwa mpweke. Jumapili zitakuwa mbaya kuliko siku nyingine, na jioni mbaya kuliko mchana. Nitakaa barazani niangalie mabasi ya Nairobi yakipita, na nitajua ni ujinga kuyaangalia. Sitaki uende, mwanangu. Nimesema, limetoka. Na pamoja na hilo nataka kesho asubuhi uwe ndani ya basi.

Ukiahirisha mwaka mmoja ili baba azoee, baba hatazoea. Atakaa nawe, atakula sabuni yake, na mwaka ukiisha atakuwa amejifunza kukuhitaji zaidi. Najijua. Mzee Jivan naye alikuwa anamalizia mambo madogo madogo. Usije ukawa mtu wa kuzipangusa vumbi rafu tupu kwa ajili yangu. Umeisomea nafasi hii, umeipata, na mama yako angekusindikiza kwa vigelegele mpaka Namanga akakuaibisha mbele ya abiria wote.

Huko unakokwenda utaikuta sabuni yetu ikiuzwa barabarani, kwa jina lake halisi, na nina hakika wanaitengeneza vizuri kuliko sisi. Usinitetee. Usiwaambie habari za parachichi. Nilitaka kukumegea kile kipande cha mwisho cha chumvi nyeusi ya Mzee Jivan, nikakifunga kabisa kwenye nailoni, kisha nikajicheka mwenyewe, nampelekea mtu chumvi kule kule ilikotoka. Nimekirudisha kwenye kopo. Wewe ndiye utakayeniletea, lakini ukishamaliza masomo, usije mapema kwa kisingizio cha chumvi.

Ninaloomba ni dogo. Ukiniandikia, usiniandikie kwamba una watu wengi. Usinijazie karatasi kwa habari za mvua na joto. Ukiwa mpweke andika kwamba ni mpweke, nami nitakuandikia hivyo hivyo, tukae na ukweli wetu hata kama uko mbali. Na siku bweni la huko likiwa kimya namna hii ya leo, nunua papai, kata lote, gonga mlango wa chumba cha pili. Utajua la kusema. Mtu wa kwanza anaweza kukataa. Wa pili atakula vijiko viwili, na wewe urudi chumbani ukiwa umeongea na mtu.

Kesho basi likipita Oldonyo Sambu, Mlima Meru utakuwa upande wako wa kulia. Kaa dirishani upande huo. Sitakusindikiza mpaka mpakani, machozi ya shangazi yako ya leo yanatosha. Nitasimama hapa hapa Sakina mpaka basi lipite, halafu nitafungua duka.

Jua limeshuka, nasikia mbwa wa jirani wanabweka, bila shaka ni wewe unakata kona. Bakuli liko mezani. Ndizi zimebadilika rangi na matunda yametoa maji, imekuwa supu kama Mzee Jivan alivyosema, lakini ni sabuni yetu hivyo hivyo. Ukishasoma hapa, uje mezani. Nitakuambia nimekata mengi kwa bahati mbaya, na wewe jifanye umeamini. Tukimaliza, mimi nitalikalia sanduku, wewe utafunga.

Baba yako,
Eliakimu